Mwas, usikubali hiyo faiba

Kahawa West, Jumapili usiku

Mwas,

Sasa ndugu yangu, habari za Nakuru, na mama yako ameendeleaje na ule mguu? Nimesoma meseji yako jana usiku nikashindwa kulala. Ati fundi amekwambia hiyo sakafu iliyooza ya Volkswagen Beetle yako ataimaliza kwa siku mbili, anaweka faiba (kile kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi), anapiga puti ya kuziba, anapaka lami juu na unaendesha. Tafadhali usimpe hiyo pesa. Ngoja kwanza nikuambie yenye nimeona kwa ile Beetle ya mzee, baba yangu, na nimeamua kukuandikia yote juu kwa simu nitasahau nusu.

Unaikumbuka ile gari, ilikaa chini ya mparachichi hapa nyumbani tangu mzee aache kuendesha. Mwezi wa pili nikaanza kuishughulikia. Siku ya kwanza nikaweka jeki chini ya sakafu nyuma ya kiti cha dereva, nikapiga mara nne tano hivi, gari haikupanda, jeki ndiyo ilipanda ikatokea ndani. Nikatoa viti na kapeti zote. Juu kulikuwa na lami, chini ya lami faiba, chini ya faiba kipande cha debe la mafuta ya kupika kimepigwa riveti, na maandishi ya debe bado yanasomeka. Chini ya debe hakukuwa na kitu, ni unga wa kutu tu, unachota na mkono.

Mwas mimi nilikaa hapo kwa nyasi. Mama yangu anakumbuka hiyo kazi, anasema mzee alilipa na pesa ya karo yetu na fundi akamhakikishia ni kazi ya maisha. Tulikuwa watoto wanne tunabebwa kwa hicho kiti cha nyuma kwenda Murang'a kila Desemba, chini yetu ni debe. Ndiyo maana naandika hivi na uchungu. Faiba haishikani na kutu, inakaa juu yake kama kapeti, maji inaingia katikati na haipati pa kutokea, kwa hivyo kutu inaendelea kula mahali huoni.

Na kwa Beetle kuna mahali inaanzia karibu kila mara. Betri haiko mbele, iko chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, imekalia sakafu yenyewe. Miaka inaenda, asidi inadondoka kidogo kidogo, mvuke unakula bati, halafu mvua ya masika ikipita kwa raba za dirisha zenye zimekauka maji yote inakuja kulala hapo chini ya kapeti. Yangu upande wa kushoto ulikuwa na mashimo mawili ya kidole tu, lakini wa kulia kutoka kwa betri hadi miguu ya dereva uliisha kabisa. Kabla ya kukata nilikoroga magadi kwa maji, haya haya ya githeri, nikamwaga hapo kwa betri, ikatoa povu kama sabuni. Ukiona povu ujue asidi bado iko, rudia mpaka inyamaze, ndio usuuze na ukaushe.

Sasa kukata. Hapa ndio watu huharibu gari. Sakafu ya Beetle ni vipande viwili, kushoto na kulia, vimechomelewa kwa ule mfereji wa katikati, lile tuta lenye uwazi ndani linalopita kati ya viti kutoka mbele hadi nyuma, halafu bodi inakaa juu imefungwa na bolti pembeni. Hiyo sakafu ndiyo inashikilia gari isijikunje. Ukikata pande zote mbili kwa pamoja, au ukate kabla hujakaza matundu ya milango na vyuma, gari inalegea na milango haitafunga tena. Mimi nilichomelea vyuma viwili kwa kila tundu la mlango, nikapima kutoka kona hadi kona nikaandika kwa ukuta wa stoo, nikaweka stendi nne, za nyuma chini ya ile bomba nene ya torsheni, yenye inabeba springi za nyuma, ndio nikakata upande mmoja, nikaumaliza kabisa, ndio nikahamia wa pili. Kata mpaka uone bati linang'aa. Ukigonga na nyundo likalia wazi, ni zima, likitoa sauti ya kadibodi endelea kukata hata kama roho inauma.

Hii nayo usiisahau hata kama utasahau zingine zote: paipu ya petroli inapita NDANI ya ule mfereji wa katikati, kutoka tangi la mbele hadi injini nyuma, pamoja na kebo za klachi na akseleta. Na wewe unaenda kuchomelea ukingoni mwake. Nilitoa tangi nikaliweka mbali kabisa, nikamwaga paipu yote, nikaiacha wazi siku tatu, nikatoa betri, na siku ya kuchomelea binamu yangu alikaa na ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto, hakuna simu hakuna stori. Viti pia toa vyote, ile manyoya ya ndani inashika moto haraka.

Bati nilinunua la unene wa geji 18, jeusi, sio mabati ya paa. Ya paa ni nyepesi sana na ina zinki, ukiichomelea moshi wake unakuletea homa ya kutetemeka usiku. Nilikata vielelezo na kadibodi kwanza, nikaenda navyo kwa jua kali ya Kamukunji, kwa mzee mmoja anatengeneza masanduku ya shule, akanikunjia kingo zikanyooka kushinda nilivyotarajia. Yale matuta ya sakafu, yenye yanaipa nguvu, akachonga mfuo kwa ubao mgumu akayagonga humo na nyundo taratibu, saa nzima kwa kila kipande, na mimi nimesimama hapo naangalia tu juu kazi ilikuwa nzuri sana kuangalia. Hakuna mashine, ni mkono na sikio.

Kuchomelea nilikodi mashine ya MIG, ile inalisha waya yenyewe, na fundi wake wa Kariobangi. Ile ya fito ya kawaida inatoboa bati jembamba kama karatasi. Mwambie fundi asivute mstari mrefu, apige nukta hapa, aruke kule, arudi, bati lipoe, la sivyo linajikunja. Stima ilipotea mara mbili siku hiyo tukamaliza saa nne usiku. Halafu nikasugua, praima ya zinki, silanti kwa kila mshono juu na chini, rangi, na ndani ya mfereji nikapuliza nta. Lami nitapaka ya mwisho kabisa, nikishapitisha mvua moja na kuona hakuna pa kuvuja.

Imenichukua wikendi sita Mwas, sio siku mbili. Lakini jana mama yangu alitoka nje akaingia kwa gari, akakanyaga pale nyuma ya kiti cha mzee na miguu yote miwili, akakanyaga tena, akakaa hapo muda.

Kwa hivyo kesho kabla huyo fundi hajafika, toa kiti cha nyuma, chukua bisibisi ya zamani udunge upande wa kulia kote, halafu pembeni chini ya milango. Nitumie picha. Kama ni mbaya, Jumamosi ya wiki ijayo napanda Nakuru na stendi zangu na zile kadibodi, bado ninazo, na gari ni aina moja. Wewe tafuta mchanga na mahali pakavu. Na huyo fundi mwambie tu umebadilisha mpango.

Salimia mama yako, mwambie nakuja na parachichi.

Achieng