Tumbo la Jumatatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika kwenye safu hii kwamba watoto wanaoogopa kwenda shule ni matunda ya kudekezwa, na kwamba dawa yao ni fimbo. Sikusudii kumkebehi, kwa sababu miaka miwili iliyopita ningeliunga mkono kila neno lake. Naandika kwa kuwa binti yangu alikuwa mmoja wa watoto hao, fimbo aliionja, na haikumponya.

Alikuwa Darasa la Sita hapa Tanga. Asubuhi moja aliitwa mstarini kusoma tangazo mbele ya shule nzima, akakwama kwenye neno, wenzake wakacheka. Sisi nyumbani hatukuambiwa. Tulichokiona ni tumbo lililoanza kumuuma kila Jumapili jioni, sare hata haijapigwa pasi, na alfajiri ya Jumatatu akawa anatapika. Tulimpima malaria, tukapima mkojo na choo, tukampa dawa ya minyoo mara mbili. Mama mkwe akaleta kombe lililoandikwa kwa zafarani, naye akalinywa bila ubishi. Ijumaa mchana tumbo lilikuwa likipona lenyewe, na hilo ndilo lililotufanya tumwone mwongo. Siku za utoro ziliporundikana, mwalimu mmoja alimchapa, na tangu hapo mtoto akaacha hata kutoka nje kucheza. (Kanuni zinasema viboko visizidi 4 na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi. Sikuhesabu, na sikuuliza kibali.)

Daktari tuliyemfikia mwishoni, baada ya kuona vipimo vyote viko sawa, hakutuambia kwamba mtoto hana kitu, kama tulivyokuwa tumeambiwa kwingine mara mbili. Alisema tumbo linauma kwelikweli, ila linaumizwa na hofu: mwili ukidhani kuna hatari, moyo hukimbia, damu huelekezwa kwenye misuli, na tumbo huachwa likijikunja. Akatupeleka kwa muuguzi wa afya ya akili, ambaye swali lake la kwanza lilikuwa kwangu mimi na si kwa binti. Nikimwona anatetemeka, nafanya nini? Nikamjibu kwa fahari ya mama kwamba namwacha apumzike nyumbani, namjibia akisalimiwa na wageni, na usiku nalala naye. Alinieleza kwa upole kwamba kila ninapomwondoa mtoto kwenye kinachomtisha, sote wawili tunapata nafuu ya saa moja, naye anaondoka na somo kwamba kitu kile kweli kilistahili kukimbiwa. Nilitoka pale nimeudhika. Baadaye nilikuja kusoma kwamba katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mtaalamu Eli Lebowitz na wenzake waliwafundisha wazazi peke yao kupunguza kusaidia kwa namna hiyo, bila kuwatibu watoto wenyewe, na watoto hao wakapata nafuu isiyopungua ya wenzao waliohudhuria tiba. Aibu yangu ikapungua kidogo.

Tiba yenyewe ilichorwa kwa biro nyuma ya daftari la hisabati: ngazi yenye vidato vinane, kila kidato na alama ya hofu kuanzia 0 hadi 10, alama ambazo binti alizitoa mwenyewe. Cha chini kilikuwa kumsomea bibi yake ukurasa mmoja, akakipa 2. Kulikuwa na cha kwenda dukani kuulizia kitu anachojua hakipo, na kingine cha kukosea neno kwa makusudi mbele ya binamu zake. Juu kabisa palikuwa mstarini, 10. Sharti ni kwamba harukishwi kidato, na akishapanda haondoki mpaka hofu ishuke yenyewe akiwa palepale.

Jioni ya kidato cha tatu cha ngazi hiyo alisoma barazani, majirani wakiwa wanapita na mwuza mahamri amekaa hatua tatu kutoka kwetu. Gazeti, nalo lilikuwa lako Mhariri, lilitikisika mikononi mwake hadi likatoa sauti. Nikamuuliza hofu ni ngapi, akasema saba. Kila kiungo changu kilitaka kumwambia basi mwanangu, ingia ndani, lakini nilikuwa nimekatazwa. Alipofungua ukurasa wa pili ikawa tano. Alipofika kwenye habari za michezo ilikuwa tatu, na akaendelea kusoma bila kuombwa. Ilituchukua kama miezi mitatu, kikao kimoja kwa wiki na mazoezi kila siku nyumbani, na mwalimu wake wa darasa alikubali kumwachia kwanza asome akiwa amekaa kwenye dawati, ndipo baadaye asimame.

Msomaji wako anaweza kusema haya ni mambo ya kizungu ya juzi. Si ya juzi. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alieleza jinsi alivyomtoa mtoto mdogo aitwaye Peter hofu ya sungura, kwa kumsogeza mnyama hatua kwa hatua huku mtoto akila chakula anachokipenda. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, watoto na vijana 488 wa umri wa miaka 7 hadi 17 walifuatiliwa kwa wiki 12: waliopata tiba ya kurekebisha fikra na kuizoea hofu kwa mazoezi, takriban 60 kati ya kila 100 walipata nafuu kubwa, waliopewa sertraline, dawa ya kupunguza wasiwasi, 55, waliopata vyote viwili, 81, na waliomeza vidonge visivyo na dawa ndani yake, 24. Hapa nawaomba wazazi wenzangu wasikimbilie duka la dawa kutafuta vidonge vya kumtuliza mtoto, maana dawa hizo ni za kuamuliwa na daktari anayemfuatilia.

Najua pia jibu litakalofuata, kwamba wataalamu hatuna. Ni kweli ni wachache mno, lakini si kazi yote inayowangoja wao. Moshi kwetu na Bungoma nchini Kenya, katika utafiti wa yatima 640, nusu yao walisaidiwa kukabili huzuni na kiwewe katika vikundi vilivyoongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Matokeo hayakulingana kila mahali, ila penye mafanikio yalionekana wazi. Kenya hiyohiyo, katika utafiti wa mpango uitwao Shamiri uliochapishwa mwaka 2021, vijana waliomaliza sekondari waliwaongoza wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi kwa vikao 4 tu. Mazoezi ya karibu nusu yao hayakuwa ngazi kama yetu, yalihusu shukrani, mambo ambayo mtu huyathamini na uwezo wake wa kubadilika, lakini dalili zilipungua kuliko kwa wenzao waliobaki, ambao walifundishwa mbinu za kujisomea.

Shule zetu tayari zina walimu wa malezi na unasihi. Katika shule ninazozifahamu, kazi yao ni kuonya kuhusu mimba na kusaidia kuchagua tahasusi, na mtoto anayetapika Jumatatu hupelekwa kwa mwalimu wa nidhamu. Ombi langu kwa wizara ni kwamba walimu hao wafunzwe kutambua wasiwasi uliopita kiasi, kuchora ngazi ile pamoja na mzazi, na kujua mtoto yupi hawamwezi: anayezungumzia kufa, anayeacha kula, au asiyepanda hata kidato kimoja kwa wiki kadhaa, huyo apelekwe hospitali bila kusubiri. Gharama ya vifaa ni daftari na biro.

Binti yangu sasa yuko Kidato cha Kwanza. Hofu haijaisha. Asubuhi za mitihani hunitangazia mlangoni, "Leo sita, mama," hunywa chai nusu kikombe, akaondoka.

Mama wa mwanafunzi,
Tanga