Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Ofisa wa Maji wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, tunawasalimu kwa heshima.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako za mjini Tororo ukaja kukaa nasi. Risala hii tunaisoma kwa Kiswahili kwa sababu hapa mpakani mwa Uganda na Kenya Mpadhola, Mteso na jirani wa ng'ambo ya Malaba wote wanakielewa.

Mheshimiwa, unafahamu mpango wa kufungua machimbo ya changarawe kwenye mteremko ulio juu ya chemchemi yetu. Hatukuja kuyapinga. Hata ukumbi huu uliomo umejengwa kwa changarawe, na wapo wazazi wetu wanaosubiri kazi hiyo kwa hamu. Kinachotusumbua ni maji. Tathmini ya athari za machimbo hayo tuliyosomewa kijijini ina vipimo vya kina cha maji vya siku moja tu, tena ya mwezi wa Mei, mvua ikiwa imejaa.

Kipimo cha Mei humfaa mchimbaji, kwani humwonyesha maji yatamkuta wapi. Lakini anayetaka kujua nani atakosa maji apime Februari, wakati visima vimeshuka na foleni ya jerikeni inaanza alfajiri.

Kwa hiyo tangu muhula wa kwanza tumekuwa tukipima wenyewe. Tulichukua kamba, tukaifunga jiwe, tukaipaka chaki ili ionyeshe ilipolowa, na kuitumbukiza katika visima vitatu vya kuchimbwa kwa mkono. Wenzetu wakatubandika jina la Klabu ya Kamba, nasi tumelizoea. Kujua kina peke yake hakutoshi, maana visima haviko usawa mmoja. Tukaazima kwa fundi mwashi mpira wake wa maji, ule wa kusawazishia msingi, tukatembea nao kutoka kisima hadi kisima kwa siku mbili. Ukiwa na urefu wa uso wa maji katika visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja, unaweza kukadiria maji ya ardhini yanaelekea wapi. Yetu yanashuka kutoka mlimani kuelekea chemchemi, na shimo linalopendekezwa liko katikati ya njia hiyo.

Changarawe hupitisha maji upesi. Shimo likifika chini ya usawa wa maji, mchimbaji atalazimika kuyavuta kwa pampu, na visima vya jirani vitashuka pamoja nalo. Asipoyavuta, litabaki dimbwi wazi. Jua likinyonya milimita 1 tu kwenye hekta 1, zimekwenda lita 10,000, yaani jerikeni 500 za lita 20. Udongo wa juu unaochuja uchafu nao utakuwa umeondolewa, na dizeli ikimwagika haitakuwa na safari ndefu.

Visima vya bomba hatukuvipima, kwa kuwa hatuna ruhusa ya kufungua kichwa cha bomba. Maji yake yanatoka ndani zaidi, kwenye nyufa za mwamba, na hatujui kama yameungana na ya juu. Hilo linahitaji jaribio la kupampu, yaani kuvuta maji ya kisima kimoja huku ukitazama kama vingine vinashuka, jambo ambalo kamba yetu haiwezi.

Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya mradi kama huu. Tunakuomba, Mheshimiwa, uwashauri NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na Wizara ya Maji na Mazingira wasikubali vipimo vya siku moja. Vichimbwe visima vya uangalizi, vya kupimia maji tu, juu na chini ya shimo, vipimwe kila mwezi kwa mwaka mzima kabla ya greda kuingia. Utupe pia fundi wa bomba kwa siku moja, atufungulie kisima cha shule.

Daftari letu la vipimo liko mezani mbele yako. Kurasa mbili zimelowa, utatusamehe.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wanachama wa Klabu ya Mazingira.