Taarifa ya mwenyekiti: seva yetu na posti zinazozama

Ndugu wanachama, habari za masiku. Ya hela mhazini atawaletea kivyake, mimi niongelee ile ishu iliyotusumbua mwaka mzima, mtu anafungua seva yetu ya Lemmy (mtandao wa kijamii wa seva nyingi zilizounganishwa) asubuhi anakuta siasa za Marekani mpaka chini, halafu mwenzetu kauliza mbegu za mihogo hana hata komenti moja.

Mwanzoni nilidhani watu wavivu kuposti. Wapi! Lemmy ukiiacha kwenye mpangilio wa posti unaoitwa Hot inapima kura dhidi ya umri wa posti, sasa jamii (yaani grupu la mada moja) kubwa ikipata kura 300 na sisi 6, yetu imeshazama kabla watu hawajatoka kazini. Mpangilio wa Active ndo kabisaa, komenti mpya inaipandisha posti tena kwa kama siku 2, kwa hiyo penye ugomvi ndo panakaa juu.

Tukahamia mpangilio wa Scaled, umekuja na toleo la Lemmy 0.19 Desemba 2023, hii inaangalia pia jamii ina watu wangapi wanaoshiriki kwa mwezi, ndogo zinabebwa. Mihogo sasa inaonekana. Wapo wanaonuna eti wanaletewa vijamii vya ajabu ajabu, sawa, setingi ziko wazi, badilisha.

Kosa langu sasa. Nilitangaza kwenye grupu kila mtu kwenye setingi za lugha abakize Kiswahili tu, haikupita saa simu zikaanza, seva imekufa! Kumbe posti nyingi hazina alama ya lugha, zinawekwa kwenye Undetermined (lugha haijulikani), ukiitoa hiyo zinapotea, na zetu humohumo maana nani anakumbuka kuchagua lugha akiposti. Samahanini tena. Wekeni zote mbili, na ukiposti chagua Kiswahili, ni sekunde 2 tu jamani.

Na mzee wetu anayesema kabloku seva nzima ya wengine na bado watu wa huko wanamjibu: mzee, unaficha jamii zao, watu wao bado utakutana nao kwenye komenti, mbloku mmoja mmoja.

Kilichobaki ni kuchuja kwa maneno. Apu zingine za simu zinaweza, ila zimetengenezwa na watu wa Kiingereza, ukificha "uchaguzi" zinakuja "chaguzi", "wamemchagua", "mchaguliwa", yaani unacheka tu. Inabidi tuandike orodha ya mashina ya maneno, chagu, pig (ya kupiga kura), hivyo, ila "pig" nayo itaondoka na "pigo" na "kupiga picha" sijui tutafanyaje. Mwenye akili ya sarufi anitafute kabla ya kikao.