Utabiri wa mvua ufike kwenye meza ya usalama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie mabadiliko ya tabianchi, jambo lililozoeleka kuachiwa wizara za mazingira na kilimo, ilhali lilistahili tangu zamani kujadiliwa na wale wanaoketi kupanga usalama wa taifa.

Mwaka 2010 joto kali na ukame viliunguza mashamba ya ngano nchini Urusi, na kuanzia tarehe 15 Agosti serikali yake ikapiga marufuku kuuza nafaka nje. Bei ikapanda katika soko la dunia, na Misri, iliyotegemea sana ngano hiyo, ikalazimika kutafuta shehena kwingine kwa gharama kubwa zaidi. Sisemi kwamba ukame huo ndio uliozaa maandamano ya mwaka uliofuata nchini Misri, kwani wananchi wale walikuwa na madai mazito ya muda mrefu; nasema kwamba taifa linaloagiza chakula chake linaweza kutikiswa na mvua iliyokosekana mbali kabisa na mipaka yake, na hatari ya namna hiyo haizuiwi na kikosi chochote cha mpakani.

Ziwa Chad linatufundisha zaidi. Katika miaka ya 1960 lilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 25,000. Ukame na umwagiliaji vililiacha na sehemu ndogo tu ya eneo hilo kufikia miaka ya 1980, na ingawa maji yamerudi kiasi, maisha ya kandokando yake hayakurudi kama yalivyokuwa. Mvuvi aliyekimbiwa na maji hulima udongo ulioachwa wazi. Mfugaji naye huswaga ng'ombe wake kuelekea hapohapo, mapema kuliko desturi, mtama ukiwa haujavunwa. Ng'ombe wakishaingia shambani, mapanga hutoka, na kijana asiye na nyavu, shamba wala mifugo huwa windo jepesi la kundi lenye silaha linalomwahidi posho. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililitambua hilo katika azimio namba 2349 la mwaka 2017.

Hata hivyo, Desemba 2021, rasimu ya azimio iliyowasilishwa na Ireland na Niger ili suala hili liingizwe rasmi katika kazi za Baraza iliungwa mkono na wajumbe 12 kati ya 15, ikaangushwa kwa kura ya turufu ya Urusi. Wapo wanaohofu kwamba tukiliita suala hili la usalama tutawakabidhi wanajeshi kazi ya maendeleo. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu bunduki haileti mvua. Lakini ninachodai ni taarifa, si operesheni.

Utabiri wa msimu, vina vya mito na akiba ya nafaka visomwe na walewale wanaosoma ripoti za magendo ya silaha, tena kwa uzito uleule, na pawepo mwenye mamlaka ya kutoa fedha mifugo ikiwa bado haijahama. Utabiri hutolewa kabla mvua hazijaanza. Huo ndio muda wa kufungua maghala, kuchimba visima na kuwakutanisha wazee wa wafugaji na wa wakulima wakubaliane njia ya mifugo.

Wako,
Msomaji