Dawa ya presha haina siku ya tatu

Wiki iliyopita mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alifika dirishani kwenye duka letu la dawa kutafuta dawa ya kichwa. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu, kichwa kinanigonga tangu juzi." Tukamkalisha, tukampima presha. Mashine ikaonyesha 178 kwa 104. Nilipomuuliza kuhusu dawa zake za presha, alifungua mkoba akatoa boksi la amlodipini, tupu, limekunjwa vizuri kabisa.

"Hizi si nilishazimaliza? Nilimaliza dozi tangu mwezi wa pili."

Huyu si mgonjwa mzembe. Boksi lile alilitunza ili atuonyeshe kwamba alitii maagizo mpaka kidonge cha mwisho. Kilichomponza ni neno lenyewe, dozi, na namna sisi sote tulivyofundishwa kulitumia. Tumeandika makala hii kwa sababu yake na kwa sababu ya wengine kama yeye, maana haipiti wiki bila mmoja kutokea.

Turudi nyuma kidogo. Aliyekuwa mtu mzima Tanzania miaka ya tisini anaikumbuka klorokwini, dawa ya malaria ya wakati huo: uchungu wake mdomoni, na ule muwasho wa usiku kucha ambao huwezi hata kuonyesha unawasha wapi. Vyeti vingi vya dawa vya enzi hizo vilikuwa vya homa, na homa ilikuwa malaria hadi ithibitike vinginevyo, na haikuwa ikithibitishwa. Vimelea vikazoea klorokwini. Mwaka 2001 nchi ikahamia kwenye dawa nyingine, SP, vidonge vitatu unavimeza mara moja, basi. Wengine walikiogopa kile kidonge kuliko malaria yenyewe kwa habari za watu kubabuka ngozi, jambo ambalo hutokea kwa nadra lakini likitokea ni zito. SP nayo haikudumu. Mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa mseto, na SP ikabaki na kazi ya kuwakinga wajawazito kliniki.

Dawa mseto ndiyo iliyotukaririsha. Mtu mzima ana vidonge 24 vya njano: vinne sasa hivi, vinne zikipita saa nane tangu vile vya kwanza, halafu vinne asubuhi na vinne jioni mpaka siku ya tatu iishe. Redio, mabango, manesi, sisi wa madukani, wote tuliimba wimbo mmoja: maliza dozi hata ukijisikia nafuu. Na watu walielewa. Mama yule alielewa vizuri sana.

Kilichofuata hatukukieleza kwa sauti ile ile.

Kwanza kilikuja kipimo cha haraka cha malaria, tone la damu kidoleni na majibu ndani ya dakika 15 au 20. Kilipoingizwa kwenye vituo vya afya Dar es Salaam, watafiti walihesabu vyeti kabla na baada. Wagonjwa wa homa walioandikiwa dawa ya malaria walishuka kutoka 75 hadi 20 katika kila 100. Hapo ungepiga makofi. Lakini walioandikiwa antibayotiki, dawa za kuua bakteria, walipanda kutoka 49 hadi 72. Homa haikuondoka, ilipoteza jina tu, na chumbani mle kuna daktari anayetaka kuandika kitu na mgonjwa asiyetaka kurudi nyumbani mikono mitupu.

Utafiti mwingine uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, wa Dar es Salaam na Ifakara. Waliokuwa na malaria walikuwa kama mmoja katika kila kumi. Saba katika kila kumi walikutwa na virusi, vitu ambavyo antibayotiki haivigusi. Kwa hiyo mzazi akituambia "nipe tu zile za rangi mbili, mtoto ana homa na kipimo cha malaria hakijaonyesha kitu," tunamuuliza maswali mengi kuliko anavyopenda. Zile za rangi mbili ni antibayotiki, na antibayotiki ni dawa za cheti. Hata maduka ya dawa muhimu, yale ya DLDM yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yameruhusiwa baadhi tu. Sisi hatuuzi bila cheti, na hatukati karatasi ya vidonge nusu. Nakiri kwamba zamani, nilikoanzia kazi, tulikata. Mtu alikuja na hela ya vidonge sita, tukampa sita. Ndivyo wadudu wanavyofundishwa usugu, kwa mkasi.

Malaria yenyewe nayo imepungua. Tanzania Bara, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea kwenye damu walikuwa asilimia 18 kwenye utafiti wa kitaifa wa 2007/08. Mwaka 2022 wakawa asilimia 8. Kuna mikoa ambayo bado inaumia, hilo tunalijua, lakini rafu yetu ya dawa za malaria leo ni fupi kuliko ilivyokuwa.

Rafu iliyorefuka ni ile ya presha na sukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha ya juu, na kama asilimia 9 wana kisukari. Wengi wao walikuwa hawajijui. Tangu hapo mtu akilazwa kwa kitu kingine kabisa anarudi na cheti cha amlodipini, losatani au metfomini, na mara nyingi omeprazo, ya tumbo, imebandikwa chini kana kwamba ni salamu za daktari.

Wanaofuatilia matumizi ya dawa ya nchi nzima hawahesabu vidonge, kwa sababu kidonge kimoja si sawa na kingine. Wanatumia kipimo cha Shirika la Afya Duniani, yaani kiasi ambacho mtu mzima angetumia kwa siku moja. Kwa amlodipini ni miligramu 5, kidonge kimoja. Kwa metfomini ni gramu 2, vidonge vinne vya 500. Sasa piga hesabu mwenyewe: aliyeugua malaria mara moja ametumia dawa siku tatu, mwenye presha anatumia siku 365, na mwakani tena. Mgonjwa mmoja wa presha anabeba siku za dawa za zaidi ya watu 120 walioumwa malaria. Ndiyo maana nchi ikizeeka kidogo tu na kunenepa kidogo tu, matumizi ya dawa yanaruka hata kama hakuna aliyeongezeka kwenye foleni.

Na ndiyo maana lile neno dozi linatuponza. Kwenye malaria, dozi ni kitu chenye mwisho, ukikimaliza umepona. Kwenye presha, boksi likiisha kilichoisha ni boksi. Vidonge 30 ni vya mwezi mmoja kwa sababu ndivyo vilivyofungashwa, wala si kwa sababu siku ya 31 mishipa inakuwa imepona. Presha ikishuka hadi 125 kwa 80 ukiwa unatumia dawa, namba hiyo ni kazi ya dawa. Ukiacha, inarudi ilikokuwa, na mara nyingi hairudi na dalili yoyote. Kichwa cha mama yule kilikuwa bahati.

Kuna jambo jingine tunaliona sana hapa dirishani, na kwangu ndilo linalosikitisha zaidi. Mtu anakuja na kikohozi kikavu cha wiki sita. Ameshatumia azitromaisini ya sehemu moja, amoksisilini ya sehemu nyingine, dawa za maji chupa tatu. Ukimuuliza anatumia nini kingine, anasema hakuna, "labda ile ya presha tu." Ile ya presha ni enalapri au kaptopri, na kikohozi kikavu ni moja ya maudhi yake yanayojulikana vizuri. Hana mdudu wa kuuliwa. Anahitaji kurudi kwa daktari abadilishiwe dawa, na kikohozi hutulia ndani ya wiki chache. Ni hivyo hivyo kwa miguu kuvimba kwenye vifundo kwa anayetumia amlodipini. Watu wanadhani figo zimeharibika, wanaacha dawa kimyakimya, na sisi tunagundua tukiona boksi lao la mwisho lina miezi mitano.

Kwa hiyo tumeanzisha daftari. Ukileta cheti cha dawa ya kuendelea, tunaandika jina lako, dawa, nguvu yake, na tarehe vidonge vitakapoisha. Siku tano kabla, tunakupigia. Hakuna malipo ya kuandikishwa, wala hulazimiki kununua kwetu. Ukituambia umeshachukua kwingine tunaandika hivyo na tunashukuru. Presha tunapima bure kila siku mpaka saa moja jioni. Kama namba hazieleweki au cheti kimezeeka, tutakwambia urudi kwa daktari, hata ikiwa na maana kwamba siku hiyo hatuuzi. Mama yule tulimfanyia hivyo. Hatukumpa ya kichwa aondoke nayo, tulimwitia mjukuu wake akampeleka hospitali, na kesho yake alirudi na cheti kipya.

Alipokuwa anafunga mkoba akaniuliza, nusu utani, "Sasa hizi nazo namaliza lini?" Nikamwambia hizi, mama, tunazimaliza mimi na wewe tarehe 14, halafu tunaanza nyingine siku hiyo hiyo. Akacheka, akasema basi mimi nimekuwa mkopeshaji wake.

Ukija kuandikishwa, njoo na maboksi yako yote, ya hospitali, ya dukani, na yale uliyopewa na jirani. Hata matupu.