Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wauguzi Wanachama wa Tawi

Ndugu wanachama,

Habari za ada atazisoma mhazini. Wanaodaiwa wanajijua.

Mwaka huu kamati ilipita wodini kusoma chati, wala si kwa nia ya kumkamata mtu. Safu ya upumuaji ilitutia aibu. Mzee aliye kwenye oksijeni, anahema mabega juu: 20. Kijana wa jirani yake aliyekwisha kuvaa viatu akisubiri ruhusa: 20. Sote tunajua 20 hiyo inatoka wapi, na mimi nimewahi kuiandika. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na mgonjwa akianza kuzidiwa, mara nyingi pumzi ndiyo hutangulia kwenda mbio, presha ikiwa bado nzuri. Kwa hiyo tumekubaliana: dakika nzima, macho kifuani, vidole vibaki kwenye kifundo cha mkono kana kwamba unahesabu mapigo. Mgonjwa akijua unamhesabia pumzi, ataibadilisha.

La pili ni majina. Zamani, katika kituo kingine, niliita jina usiku, akaitika mgonjwa wa karibu. Kidonge kilikuwa kiganjani mwake kitanda cha tatu kilipouliza, "Sista, si mimi huyo?" Tangu siku ile simtajii mgonjwa jina ili anijibu "ndiyo", mwenye homa huitikia lolote. Anayataja mwenyewe yote, nami nalinganisha na namba ya faili.

Wenzetu wawili walijichoma sindano, mmoja akirudishia kifuniko, mwingine akisukuma boksi la sindano zilizotumika lililojaa hadi mdomoni. Boksi hufungwa likifika robo tatu, hata kama jipya liko stoo na mwenye ufunguo kaenda chai. Wote wawili walianza PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, siku ileile. Saa 72 ndizo za mwisho, si za kusubiriwa.

Kuhusu mikono, glavu hazijawahi kuwa sabuni. Kitakasa sekunde 20 hadi 30, maji na sabuni 40 hadi 60. Ndoo zenye koki kwa siku za mgao wa maji tumeziombea kwa barua mbili. Jibu bado, ya tatu iko kwa katibu.

Mazoezi ya kuhesabu pumzi yataanza mwezi ujao, dakika kumi kabla ya kupokezana zamu ya asubuhi. Kila mmoja aje na saa yenye mshale wa sekunde. Simu zibaki mkobani.

Mwenyekiti wa Tawi