Amri ya Trump imemsahau mgeni

Mhariri,

Wapo wanaoshangilia amri ya Rais Trump ya Machi 1, 2025, iliyokifanya Kiingereza lugha rasmi ya Marekani. Mimi sishangilii. Imefuta agizo la Clinton la mwaka 2000 la kuwahudumia wasiojua Kiingereza. Kweli, haikupiga marufuku wakalimani. Imewaachia wakuu wa idara waamue. Lakini bajeti ikibana, nani atakatwa kwanza? Mama wa Kikongo aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, atatiaje saini fomu asiyoielewa? Au mwanawe wa darasa la nne ndiye amtafsirie habari za ugonjwa wake? Kiingereza atajifunza, nani amekataa? Ila masomo ni jioni, na jioni yuko zamu kiwandani.

Msomaji wenu,
Louisville, Kentucky